Kikoba chetu kilikufa tulipofika watu 47, na hapakuwa na mwizi

#1 Katibu wa Zamani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa moyoni tangu Desemba 2019. Humu nimesoma nyuzi nyingi za watu ambao kikoba chao, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kimesambaratika, na karibu zote zinaishia kumtafuta aliyekula hela. Kwetu hapakuwa na aliyekula hela. Nilikuwa katibu, daftari lilikuwa mkononi mwangu, nimelipitia ukurasa kwa ukurasa hadi leo. Kilichotuua ni idadi yetu wenyewe.

Tulianza Mbagala mwaka 2015, watu 14. Wengi tulikuwa wauzaji kwenye soko moja, wawili mafundi cherehani, mmoja dereva wa bajaji. Kabla ya hapo tulicheza mchezo, kila mmoja anatoa na mmoja anapokea zote kwa zamu, na kijumbe nilikuwa mimi, kila jioni napita meza kwa meza kukusanya. Mchezo wenyewe ulishanifundisha habari ya idadi, ila sikusikia. Mkiwa 10 na mnatoa kila wiki, wa mwisho anasubiri wiki 10. Mkiwa 40, wa mwisho anasubiri zaidi ya miezi tisa, na yule aliyepokea wa kwanza ana miezi tisa yote ya kupata sababu ya kuacha kutoa. Ndiyo maana vijumbe wa zamani walikuwa wagumu kuongeza majina.

Tukahamia kwenye kikoba. Kila Jumamosi saa kumi jioni, kibarazani kwa mmoja wetu. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Unaitwa kwa namba, unasimama, unahesabu hela yako mbele ya wote, wahesabuji wawili wanarudia, kitabu chako kinagongwa muhuri. Hisa 5,000, mwisho hisa tano. Mfuko wa jamii 1,000. Kabla ya kufunga, salio lote linatajwa kwa sauti na sote tunalikariri, ili Jumamosi ijayo sanduku likifunguliwa kila mmoja awe analikumbuka.

Utaratibu huo hatukuubuni sisi. Shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini, na huku kwetu ukaingia miaka kumi hivi baadaye. Waliouandika waliweka watu 15 hadi 25. Tukachanganya na desturi ya VICOBA ya kujipanga watano watano, kama makundi ya Benki ya Grameen kule Bangladesh, na sisi tukadhaminiana humo: mmoja wenu akishindwa kulipa, wanne mnambeba. Mwalimu aliyetufundisha alituambia ile namba, 15 hadi 25, nasi tukaichukua kama neno la pembeni.

Kwa nini niliingia? Si faida. Nilikuja Dar kutoka Lindi nikiwa na miaka 22, na swali lililokuwa linaninyima usingizi ni nani atakaa matanga na mimi nikifiwa mjini. Kijijini hilo si swali. Mjini unamtafuta mtu wa kukuzika wewe mwenyewe, ungali hai. Naamini wengi humu, mkiacha maneno ya mtaji na riba, mliingia vikundini kwa sababu hiyo hiyo: unataka watu ambao usipoonekana siku mbili watauliza.

Na ilikuwa hivyo. Mwaka 2016 mwenzetu alifiwa na mama yake Mkuranga. Tulikwenda 12. Aliyebaki alikuwa amejifungua wiki ileile.

Halafu tukasifika. Mikopo inarudi, Desemba tunagawana vizuri, watu wanabisha hodi. Kumkatalia jirani ni aibu, na kila aliyeingia alileta mtaji, mikopo ikakua. 2017 tukawa 23. 2018 tukawa 36. 2019 tukawa 47, na tulifanya sherehe, tulishona hadi sare.

Sasa angalieni kilichotokea, maana hakikutokea siku moja. Watu 14 kwa dakika mbili mbili ni nusu saa, hisa zimekwisha. Watu 47 ni zaidi ya saa moja na nusu kabla hamjagusa mikopo. Watu wakaanza kuchoka, mwenye mtoto mdogo anaondoka, mwenye biashara anafika mwisho. Likaja wazo la kutuma hisa kwa simu kwa mweka hazina, na mimi nililiunga mkono kwa moyo wote. Mikutano ikawa mifupi. Lakini kule kuhesabu mbele ya macho ndiko kulikokuwa ukaguzi wetu, na hatukuwa na ukaguzi mwingine. Hela ikawa ujumbe kwenye simu ya mtu mmoja. Salio likaacha kukaririwa, likawa linabandikwa kwenye kundi la WhatsApp kati ya picha za heri ya siku njema.

Zile tano tano za kudhaminiana nazo zikageuka. Za mwanzo tulichaguana. Za mwisho nilizipanga mimi kwenye daftari kufuata namba za kujiunga, 36 na 37 na 38. Watu wakawa wanamdhamini mtu ambaye hawajui anaishi nyumba ipi. Mkopo ukichelewa, wanne wanaangaliana, kila mmoja anasubiri mwenzake aende kugonga mlango.

Mwaka 2019 mwanachama namba 41 alifiwa na mumewe. Rambirambi ilitoka kwa wakati, tena kubwa kuliko ile ya Mkuranga. Waliofika msibani walikuwa sita. Mimi sikwenda. Nilidhani watu 47 hawawezi kukosa kujaa msibani, nami nilikuwa na mzigo wa kupokea sokoni. Kila niliyemuuliza baadaye alikuwa na dhana kama yangu. Yule dada hakulalamika, ila alipokuja Jumamosi iliyofuata alikaa nje ya kibaraza, na mkopo wake haukurudi tena. Simlaumu.

Desemba tulipovunja sanduku ili tugawane, mikopo 11 ilikuwa imelala. Kila mtu akapokea pungufu, matusi yakaanza, na watu wa mwanzo ambao tungezikana leo hatusalimiani sokoni.

Baadaye nilikaa na hesabu. Watu 14 wana jozi 91 za watu wanaopaswa kujuana. Watu 47 wana jozi 1,081. Watu tuliongezeka zaidi ya mara tatu kidogo, kujuana kunakohitajika kukaongezeka karibu mara 12. Na siku zilibaki zile zile, Jumamosi moja kwa wiki.

Kuna Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, aliwavutisha watu kamba akipima nguvu zao. Matokeo yalichapishwa 1913. Wakiwa wanane, kila mmoja alivuta kama nusu tu ya nguvu aliyokuwa nayo alipovuta peke yake. Nilidhani ni kwa sababu hawakuvuta kwa pamoja. Kumbe wataalamu wengine miaka ya 1970 walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamwambia kuna watu nyuma yake wanavuta, na hapakuwa na mtu. Bado alilegeza. Niliposoma hapo nilimkumbuka namba 41. Sisi wote 40 tuliokosa tulikuwa na kitambaa machoni.

Naomba michango yenu, hasa walioendesha vikundi. Je, kuna namba ambayo haipaswi kuvukwa?

#2 Mkaa Barazani

Katibu, pole sana bibi. Mie niko Unguja, Mji Mkongwe, na sina kikoba, nina baraza. Hapa petu jioni baada ya alasiri tunakaa, kahawa inapita, na jambo uliloandika naliona kila siku kwa macho. Tukiwa watatu wanne, mazungumzo ni mamoja. Akija wa tano, wa sita, utaona mmoja anamgeukia jirani yake, na dakika mbili tatu baraza limeshakuwa mabaraza mawili, kila upande na habari yake. Hakuna aliyeamua. Wataalamu waliokaa kuyapima mazungumzo ya watu nao wamesema hayohayo, kuwa yakizidi watu wanne hupasuka.

Mtu akiwa na jambo zito, la ndoa au deni, hulitoi mbele ya kumi. Hungoja wenziwe wapungue. Kwa hivyo yule dada wa 41 hata kama angetaka kusema, angesemea wapi? Penye watu 47 pana hotuba tu, mazungumzo hapana.

#3 Mwanachama wa Nairobi

Dada Katibu, pole kwa yaliyowapata. Lakini naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Mimi niko kwenye sacco, ushirika wa akiba na mikopo, yenye wanachama maelfu. Siwajui hata hamsini. Sijawahi kwenda matanga ya mmoja wao. Na bado kila mwezi akiba yangu inaingia, nikiomba mkopo ninapata, na mwisho wa mwaka gawio linakuja. Kama ukubwa unaua, mbona sisi hatujakufa?

Kwa maoni yangu shida yenu haikuwa 47. Mwajiri wangu anakata pesa kabla mshahara haujanifikia, kwa hivyo hakuna wa kunigongea mlango. Kuna mkaguzi wa nje kila mwaka. Kuna sheria ya mwaka 2008 na mamlaka ya SASRA inayosimamia sacco zinazopokea amana. Nyinyi mlikuwa na daftari na mapenzi mema.

Pembeni ya hiyo sacco niko na chama cha marafiki, tuko tisa, na huko ni kweli hatuna mkaguzi wala hatumhitaji. Mmoja akikosa mara mbili, tunajua mtoto wake ni mgonjwa kabla hajasema.

#4 Katibu wa Zamani

Kaka wa Nairobi, umenipa kitu ambacho sikuwa nacho nilipoandika. Nimekaa na maneno yako tangu asubuhi.

Naona sasa kuna kuaminiana kwa aina mbili. Kuna kwa macho: nakuona, nakujua, najua ukoo wako, ukinidhulumu mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. Na kuna kwa karatasi: sikujui, lakini kuna mkaguzi, mkataba, makato ya mshahara, mahakama. Chama chako cha watu tisa kinaishi kwa macho. Sacco yako inaishi kwa karatasi. Sisi wakati tuko 14 tuliishi kwa macho, na tulipofika 47 macho yalishakwisha nguvu lakini karatasi hatukuwa nayo. Tulikuwa tumetoka ng'ambo moja na ng'ambo ya pili hatujafika.

Kwa hiyo swali langu la namba nalibadilisha. Watu 47 wenye mkaguzi wa kulipwa wanaweza kuishi. Watu 47 wanaojidanganya kuwa bado ni wale 14 hawawezi. Na karatasi ina gharama: mkaguzi analipwa, ofisi inapangwa, mhasibu anataka mshahara. Kwa watu elfu gharama hiyo haihisiwi. Kwa 47 wauza mboga ingemeza faida yote. Nadhani ndiyo maana vikundi vingi vinafia hapo kati, thelathini na kitu, arobaini na kitu. Wakati huo huo sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 imevitambua vikundi vyetu, imeviweka daraja la nne, na usajili upo. Lakini cheti cha usajili hakiwezi kumjua namba 41 kwa niaba yangu.

#5 Mzee wa Chamwino

Wanangu, nimesoma. Mimi nilikuwa na miaka 12 Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, ilipotufikia, 1971. Nataka kuongeza jambo moja la zamani.

Kabla ya kuhamishwa tulilima kwa kualikana. Mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, kesho zamu ya mwingine. Hatukuzidi nyumba kumi na kitu. Hakuna aliyeandika nani kaja nani hakuja, lakini baba yangu aliweza kukutajia kwa kumbukumbu ya miaka mitatu nyuma. Asiyekuja kwa wenzake, siku yake alilima peke yake, na pombe yake aliinywa peke yake.

Kwenye kijiji kipya tulikuwa mamia ya familia kutoka sehemu mbalimbali. Sheria ya 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Likawepo shamba la kijiji. Watu wale wale, majembe yale yale. Kila mtu alifika asubuhi, kwa sababu majina yaliitwa, lakini jembe halikuzama. Mchana ukienda kwenye shamba la mtu binafsi unakuta magugu hayapo, la kijiji limezama kwenye nyasi. Viongozi walituita wavivu. Iliniuma, kwa sababu nilimwona baba yangu akilima usiku kwa mbalamwezi shamba lake.

Kule Ruvuma, Litowa, kuna watu walianza ujamaa mapema miaka ya 60, wachache, kwa hiari yao, wakichaguana wenyewe. Walifika mbali. Chama chao kilivunjwa 1969. Nawaza kila mara kama yale ya kwetu yangekuwa tofauti tungeachwa tuanze na nyumba kumi tulizozijua, halafu nyumba kumi nyingine zije kujifunza kwetu. Hata balozi wa nyumba kumi, mfumo tuliokuwa nao tangu TANU, ulifanya kazi kwa sababu hiyo. Balozi alijua mgeni amelala kwa nani.

#6 Katibu wa Zamani

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kutuandikia. Hilo la jembe halikuzama nimelisoma mara mbili. Nasi Jumamosi za mwisho wote tulikuwa tunaitika majina.

#7 Mwanafunzi wa Jamii

Naomba kuchangia upande wa vitabu. Namba inayotajwa sana ni 150, ya Robin Dunbar wa Uingereza. Mwaka 1992 alilinganisha ukubwa wa sehemu ya ubongo wa nyani na sokwe na ukubwa wa makundi yao, akakisia kwamba binadamu anaweza kushika mahusiano ya kweli na watu kama 150. Ndani ya hao kuna duara: kama watano wa kukimbilia ukiwa na shida, 15 wa karibu, 50 wa kualika. Angalieni jinsi 5 na 15 zinavyofanana na namba za VICOBA, ambazo zilipatikana kwa kujaribu vijijini, si maabara.

Lakini tusiishike 150 kama aya. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm walirudia hesabu hizo wakasema ubongo wa nyani hauwezi kutoa namba moja ya binadamu, makisio yanapishana mno. Mimi naona duara za ndani zina maana zaidi kuliko ile namba kubwa.

Kilichonivutia zaidi ni Wahutterite, Wakristo wanaoishi kwa mali ya pamoja mashambani huko Kanada na Marekani. Kundi lao likikaribia watu 150 hivi wanagawanyika. Hawasubiri ugomvi. Miaka kabla ya kujaa wanaanza kutafuta ardhi ya pili, wanajenga, kisha nusu inahamia. Kwao kugawanyika ni kama kuzaa.

Na simu imetudanganya wengi. WhatsApp waliruhusu watu 256 kwenye kundi mwaka 2016, na 1,024 mwaka 2022. Mtambo umeongeza nafasi, mioyo yetu haijaongezwa kitu.

#8 Mama Wawili

Dada Katibu, nimesoma uzi wote huku mikono inanitetemeka. Kikoba chetu tuko 31, Morogoro. Wanaosubiri kuingia ni 12, na mwenyekiti anataka wote waingie Januari. Tumeanza kutumiana hisa kwa simu. Juzi tulikuwa na mgonjwa amelazwa, nilienda kumwona nikakuta sijatanguliwa na mtu. Tufanyeje? Nikisema tugawanyike wataona naleta uchonganishi.

#9 Katibu wa Zamani

Mama Wawili, nakujibu kama ndugu, na haya ningependa mtu aniambie mimi 2017.

Kwanza, msigawanyike sasa. Ngojeni siku ya kuvunja. Siku hiyo sanduku ni tupu, hakuna anayemdai mwenzake, kila mtu ameshika chake mkononi. Mkijigawa katikati ya mwaka, deni litavutwa huku na huku na hapo ndipo uchonganishi utakapopata mlango.

Pili, msigawanyike kwa mitaa wala kwa namba za daftari. Kila mtu aandike kwenye karatasi majina manne ambayo angewalipia deni wakikwama. Siyo anaowapenda, anaoweza kuwalipia. Mkizifungua zile karatasi mtaona makundi yamejichora yenyewe. Atakayekosa kuandikwa na mtu yeyote msimtaje hadharani, nendeni watu wawili mkazungumze naye nyumbani kwake. Mara nyingi ni mgeni ambaye hamkumkaribisha vizuri.

Tatu, na hili limenichukua miaka kulielewa: si kila kitu kinataka udogo. Mikopo inataka watu wachache wanaoonana. Rambirambi inataka watu wengi, kwa sababu msiba mmoja kwa watu 14 ni mzigo, kwa watu 43 ni kiasi ambacho hata muuza mchicha anakimudu. Basi muwe na masanduku mawili, au matatu mkiwaingiza hao 12, na mfuko mmoja wa misiba wa pamoja. Ila kwenda msibani au hospitali kusiwe kazi ya wote 43. Iwe kazi ya wale watano wake, kwa majina, na wao ndio waulizwe Jumamosi: mlikwenda?

Nne, hela ihesabiwe mbele ya macho. Mkiona mkutano umekuwa mrefu hadi mnatamani simu, mjue mmeshazidi.

Na mwenyekiti usimpinge mbele ya watu. Nenda kwake mapema, mwambie yeye atakuwa mwanzilishi wa vikoba vitatu badala ya mwenyekiti wa kimoja. Ni kweli, wala si hila.

#10 Mwanachama wa Nairobi

Nimekubali, dada. Hiyo ya mkopo mdogo na msiba mkubwa nitaipeleka kwa chama chetu. Sisi tulikuwa tumetenda kinyume: rambirambi tunatoa tisa peke yetu, na mwaka jana tulifiwa mara tatu, tukaishiwa.

#11 Mama Wawili

Nimerudi kutoa mrejesho. Jana nilikwenda kwa mwenyekiti na mume wangu. Alinisikiliza, akanyamaza sana, kisha akaniuliza kama namkumbuka jina yule mgonjwa wetu aliyelazwa. Nikamtajia. Akasema yeye alikuwa hajalijua, anamjua kwa namba.

Tutavunja wiki ya pili ya Desemba. Karatasi za majina manne tutaandika siku hiyo hiyo. Jirani yangu anayeandika vitabu pamoja nami tumeshakubaliana kwenda masanduku tofauti, ili kila upande uwe na anayejua muhuri unagongwa wapi. Sanduku la pili fundi wa Mawenzi ameahidi kulimaliza mwezi huu. Kufuli tatu tumeshanunua.